Chupa Kumi na Sita

Kling.

Chupa iligusa ukingo wa beseni, kisha kimya. Halafu maji yakasikika yakimiminwa taratibu, kama ya mtu asiyetaka kuamsha nyumba.

Hapo ndipo tulipomwacha Chiriku wiki iliyopita: kajibanza nyuma ya mlango wa jiko, saa kumi na moja alfajiri, miguu mitupu, tochi mkono wa kushoto na mwiko mkubwa mkono wa kulia. Mwizi wa chupa yumo ndani. Leo atamjua.

Kwa aliyekosa gazeti, habari yenyewe ni fupi. Chiriku ndiye mpimaji wa bwawa. Kazi aliachiwa na baba yake, ambaye tulimzika sura tatu zilizopita. Bwawa si kubwa. Ni tuta la udongo lililokinga kijito, na nyuma yake ziwa dogo ambalo watu huja kupanda mashua kila Jumapili. Mguuni mwa tuta kuna bomba dogo linalotoa maji yanayopenya kwenye udongo. Marehemu aliyaita jasho.

"Likiwa safi, hatuna neno," alikuwa akimfundisha binti yake. "Likiwa na tope, ujue udongo unatoka tumboni mwa tuta, na tuta linakonda kwa ndani."

Kila jioni Chiriku hukinga jasho hilo kwenye chupa, huilaza dirishani mwa jiko, na asubuhi huangalia kama kuna tope lililotuama. Huandika daftarini, huifunga chupa na kuipanga rafuni ofisini, mhandisi akija aione.

Jioni kumi na sita mfululizo aliona maji yana ukungu. Asubuhi kumi na sita mfululizo chupa ilikuwa safi, huoni hata chembe. Mtu alikuwa anaingia na kumbadilishia. Na kichwani mwake Chiriku alikwisha kumhukumu: ni Mjomba, meneja wa mashua, ambaye leo ana mashindano makubwa ziwani na hataki kusikia neno tope.

Akaupiga mlango teke.

"Weka chupa chini!"

Tochi ikamulika beseni, ikamulika kitambaa cha kukaushia, ikamulika mkono wenye makunyanzi.

"Shusha mwiko huo," sauti ikasema. "Ndio ninaopikia. Ukivunjika utakula nini?"

Alikuwa mama yake.

Alisimama na chupa mkononi, mtandio begani, kama mtoto aliyekutwa na sukari kinywani. Jikoni maji ya kuoga ya binti yake yalikuwa tayari yanachemka, kama kila alfajiri.

"Mama. Unafanya nini?"

"Naosha."

"Unaosha chupa yangu?"

"Ilikuwa chafu."

"Mama! Zote?"

Mama akatazama sakafu. "Zote. Nazimwaga, nazisugua, nazijaza maji ya bombani. Nilidhani hutajua."

"Kwa nini?"

"Usinipigie kelele, majirani wamelala." Mama alivuta kigoda akaketi, magoti yake hayakuwa ya kusimama sana. "Baba yako mwezi wake wa kwanza kazini alizamisha chupa mpaka chini ya mfereji, akachota na tope. Mhandisi wa enzi hizo akamsimamisha mbele ya watu, akamwambia hata kuchota maji hajui. Alirudi hapa, siku mbili hakutia kitu mdomoni. Sasa nikaona chupa zako zina tope. Nikasema, na huyu naye ni kama baba yake. Na bado uko kwenye majaribio. Nikaona nikufichie aibu mpaka mkono wako uzoee."

Chiriku alitamani kulia na kucheka kwa pamoja.

"Mama, mimi sichoti mfereji. Nakinga mdomoni mwa bomba. Lile tope si la mkono wangu."

"Ni la nini basi?"

Chiriku aliichukua chupa mikononi mwa mama yake. Ilikuwa imemwagwa nusu tu. Akaielekeza kwenye tochi. Chini kabisa, limetuama vizuri, kulikuwa na tope jekundu unene wa kidole gumba.

Mama alilitazama. Polepole akaelewa.

"Tuta," alisema.

"Ndiyo, Mama. Tuta."

*

Mapambazuko yaliwakuta mguuni mwa tuta, mama na binti, mbele ya kile kibanda cha mbao kinacholikinga bomba na mvua.

Kipimo cha pili ni ndoo. Unaiweka chini ya bomba na kuhesabu mpaka ijae. Miaka yote ya marehemu ndoo hiyo ilijaa kwa hesabu ya hamsini, wakati mwingine hamsini na mbili. Jana jioni ilijaa kwa arobaini na nne, na Chiriku akadhani amehesabu vibaya.

"Hesabu wewe, Mama."

Mama alihesabu kwa sauti, bila haraka, kama alivyozoea kumsikia mumewe. Ndoo ikafurika.

"Thelathini na moja."

Maji ndani ya ndoo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Chiriku akapiga simu. Mhandisi aliitika kwa sauti ya usingizi, lakini alipoambiwa rangi na hesabu, usingizi ulimruka.

"Nipo mbali, mwendo wa saa tatu," alisema. "Sikiliza vizuri. Fungua valvu upunguze ziwa. Nusu kwanza! Bomba la chini ni kuukuu, ukifungua lote kwa mpigo litapasuka ndani ya tuta, na hapo basi tena. Acha litulie saa moja, ndipo umalizie. Watu wa mtaa wa chini wote wapande mlimani. Na hapo mguuni mwa tuta asibaki mtu. Umenisikia? Asibaki mtu."

"Nimekusikia."

"Ufunguo wa valvu unao?"

"Anao Mjomba."

*

Mjomba alikuwa gatini, anafunga vibendera vya mashindano. Mashua kumi na mbili zilikuwa zimepangwa, zimepakwa rangi mpya. Ziwa lilikuwa limejaa pomoni, limetulia, linang'aa. Ungelitazama usingeamini kama lina ubaya wowote.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, bibi mpimaji. Umekuja kupima na mashua zangu? Ile ya mwisho ina kiuno kinene, angalia isikushinde."

"Naomba ufunguo wa valvu. Tuta linatoa tope. Lazima tushushe ziwa."

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipanga makasia na fundi mashua wakainua vichwa. Mjomba akacheka.

"Leo? Saa tatu watu wanaanza kuingia! Nishushe ziwa mashua zikae kwenye matope, watu washindane kusukuma?"

"Mhandisi amesema..."

"Mhandisi yuko kitandani kwake. Mimi jana nimeingia ofisini kwako, nimesimama mbele ya rafu, nimetazama. Chupa kumi na sita. Safi zote! Umeziandika kwa mkono wako mwenyewe, safi, safi, safi. Leo unaniletea chupa moja ya tope. Nani ajuaye umeichota wapi?"

Chiriku angesema nini? Kusema kweli ni kumvua mama yake nguo mbele ya watu.

"Hizo kumi na sita ni maji ya jikoni kwangu," Mama akasema.

Alikuwa amewafuata kwa nyuma, anachechemea, anahema. Mjomba akageuka.

"Dada, wewe rudi ukapumzike."

"Nimezimwaga mimi. Nimezijaza mimi. Kila alfajiri, huyu akiwa amelala. Nilidhani anachota vibaya, nikamfichia." Akaionyesha chupa iliyokuwa mkononi mwa binti yake. "Kwa hiyo hizo chupa unazozitazama, mdogo wangu, ni uongo wangu. Hii moja ndiyo kweli."

Fundi mashua, mtu mzee asiyekuwa na maneno mengi, aliweka kasia chini. Akaingia bandani, akatoka na kiti, akakiweka nyuma ya Mama, akarudi mahali pake. Mama aliketi.

Mjomba hakucheka tena.

"Chupa ya kwanza yenye tope," aliuliza taratibu, "ilikuwa ya tarehe ngapi?"

"Tarehe tatu," Mama alijibu. "Naikumbuka. Nilivunja kucha nikiisugua."

Mjomba alishika kichwa.

"Mjomba, kuna nini?"

"Tarehe tatu," alirudia. Akatazama upande wa pili wa tuta, pale palipo na njia ya maji ya ziada, lile pengo la zege ambalo ziwa likijaa hupitisha maji yake bila kulisumbua tuta. Leo pengo lilikuwa kavu. Majani ya matete yalikuwa yamerundikwa mbele yake vizuri mno.

"Mimi niliweka mbao tarehe mosi," Mjomba alisema.

"Mbao gani?"

"Mashua zilikuwa zinagusa chini hapa gatini! Nikaziba lile pengo, ziwa lipande kidogo. Futi moja na nusu tu. Nikafunika kwa matete usione. Nikajipa moyo: Chiriku anapima kila siku, kungekuwa na ubaya chupa zingesema."

Wakatazamana, dada na mdogo wake. Yeye kaziba mlango wa maji kwa kuamini chupa, na dada yake kaziba midomo ya chupa kwa kumpenda binti. Tuta katikati yao limekunywa futi moja na nusu kwa siku kumi na tisa bila mtu wa kulisemea.

Chiriku alikunja ngumi. Yale aliyotaka kumwambia mjomba wake siyaandiki gazetini.

"Tutagombana baadaye," Mama alisema kutoka kitini. "Na mimi mnigombeze, nastahili. Sasa lete ufunguo."

Mjomba aliuvua shingoni. Kwa haraka yake uzi ukamnasa sikioni.

*

Kwenye mashindano ya siku hiyo hakuna mashua iliyoondoka gatini. Mjomba na wafanyakazi wake wawili walikwenda kung'oa mbao. Fundi mashua alimfuata Chiriku kwenye kidaraja cha valvu, kopo la grisi mkononi, bila kuitwa.

Ufunguo ulifungua kufuli, lakini gurudumu la valvu lilikuwa na kutu. Chiriku akalikamata kama baba yake alivyomwonyesha: mizunguko miwili mbele, nusu mzunguko nyuma, miwili mbele, nusu nyuma. Ukilazimisha mbele tu, fimbo ya chuma hukatika ndani ya maji na hapo hakuna wa kuifungua tena. Marehemu hakumfundisha mtu mwingine mkono huo.

"Taratibu," alisema fundi mashua, akipaka grisi. Ndilo neno pekee alilotoa.

Mzunguko wa ishirini, chini kukanguruma. Maji yakachomoza upande wa pili, yakaingia kijitoni kwa kishindo. Nusu. Chiriku akaachia gurudumu, akatazama saa. Saa moja na nusu. Saa mbili na nusu arudi amalizie.

"Ukae hapa?" alimuuliza fundi.

"Nakaa."

Chiriku akatoka mbio kwenda mtaa wa chini.

Mtaa wenyewe ni nyumba ishirini na kitu, tanuri la mikate, na kibanda cha kinyozi. Jumapili asubuhi watu walikuwa wanafua, wanasuka, wanapiga gumzo. Chiriku alipita kila mlango akisema neno moja: mlimani, sasa hivi, acheni vyombo.

Wengine waliamka mara moja. Wengine walitaka kwanza kujadili.

"Tuta limepasuka?" kinyozi aliuliza, mashine ikiunguruma mkononi.

"Bado."

"Basi ngoja nimalize. Mteja wangu huyu nimemnyoa nusu."

"Mpandishe na nusu yake!"

"Atachekwa!"

"Bora achekwe akiwa mzima," mteja mwenyewe akasema, akiruka kutoka kitini na shuka lake shingoni. "Mimi natangulia. Wewe baki na hiyo mashine yako, mfe pamoja."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowatoa. Mtaa mzima ukaanza kusogea. Mwokaji alimwaga magunia ya unga kutoka mkokotenini, akampandisha jirani yake aliyepooza, akamfunika kwa shuka safi ya mikate. Kisha akarudi tanurini, watu wakimpigia kelele, akatoka na mikate ya moto kifuani, akawagawia watoto njiani ili wasilie. Chiriku aliyaona hayo akiwa mbioni, na baadaye, katika saa mbaya zilizofuata, aliyakumbuka.

Saa mbili na robo mtaa ulikuwa mtupu. Mlimani watu waliketi kwenye nyasi, wanahesabiana. Chiriku akawapita mmoja mmoja, anatafuta mtandio wa mama yake.

"Mmemwona Mama?"

"Hatujamwona."

"Mwokaji, hukumchukua?"

"Nilidhani uko naye wewe."

Simu ikalia.

"Ishirini na mbili," ilisema sauti ya Mama.

"Mama? Uko wapi? Ishirini na mbili nini?"

"Ndoo. Imejaa kwa ishirini na mbili. Nimerudia mara mbili. Mwambie mjomba wako aharakishe hizo mbao."

*

Chiriku hakukumbuka alivyoshuka ule mlima.

Mama alikuwa mbele ya kibanda, ameketi juu ya kile kiti cha fundi mashua. Alikibeba mwenyewe, na magoti yake yale. Ndoo ilikuwa mbele yake. Maji yaliyokuwa yakitoka bombani hayakuwa tena jasho. Yalikuwa yanaruka kwa fujo, mekundu, na pembeni mwa bomba, pale palipokuwa na majani makavu asubuhi, udongo ulikuwa umelowa na unatoa mapovu.

"Mama, simama. Twende."

"Subiri. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa." Ndoo ikafurika. "Kumi na tisa. Umenikatiza, lakini ni kumi na tisa."

"Mhandisi amesema hapa asibaki mtu!"

"Mhandisi hajui nani yuko juu." Mama aliimwaga ndoo, akairudisha chini ya bomba. "Mjomba wako na vijana wake wamebakiza mbao mbili. Yule mzee wa mashua yuko kidarajani. Na wewe unakwenda kuzungusha gurudumu. Watu watano juu ya tuta. Nyie mtaona maji ya ziwa tu, mtaona yanashuka, mtafurahi. Hili la huku chini nani atawaambia?"

"Mimi sizungushi kitu mpaka utoke hapa."

"Basi tuta litakwenda, na nyumba zote zile zitakwenda."

"Zikienda ziende!"

"Unasema hivyo kwa sababu una hasira. Kitanda cha yule aliyepooza kiko mle. Tanuri la mwokaji liko mle." Mama alimtazama. Hakuwa analia. "Mwanangu, siku kumi na sita nimekufunga macho. Uniache leo niwe macho yako."

Chiriku akamkamata mkono, akavuta. Mama alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na hakutaka. Wakavutana kidogo, bila maneno, kama watu wanaogombania ndoo ya maji kisimani. Kisha kutoka juu ya tuta ikaja sauti ya Mjomba, imepasuka:

"Chirikuuu! Maji yanazunguka kule gatini! Yanazunguka kama yanaingia shimoni! Njoo! Saa imefika!"

Mama na binti wakatazamana. Hawakuhitaji mhandisi wa kuwaeleza. Tumbo la tuta lilikuwa limetoboka mpaka ziwani. Sasa lilikuwa shindano: ziwa lishuke chini ya tundu kwanza, au tundu lipanuke kwanza.

"Ngazi hiyo hapo," Mama alisema, akionyesha ngazi za zege ubavuni. "Hatua ishirini na tano. Nitakupigia simu kila ndoo. Ikifika kumi nitawaambia mkimbie wote, na mimi nitapanda."

"Na magoti yako?"

"Magoti yangu nayajua mimi. Nenda."

Chiriku aliinama, akamkumbatia. Mama alimfunga vizuri kitambaa cha kichwani, kilikuwa kimelegea kwa kukimbia, akakikaza fundo kama alivyokuwa akifanya zamani za shule. Kisha akamsukuma.

Binti alipanda zile ngazi akilia kwa sauti. Juu aliwakuta Mjomba na vijana wakipambana na ubao wa mwisho, vifua ndani ya maji. Aliwapita. Kidarajani fundi mashua alikuwa pale pale alipomwacha, grisi imemjaa mpaka viwikoni. Upande wa gati kweli maji yalikuwa yanazunguka, polepole, duara la upana wa meza, na kibendera kimoja cha mashindano kilikuwa kinazungushwa ndani yake.

Akashika gurudumu. Miwili mbele, nusu nyuma.

Simu ikalia. Fundi mashua aliipokea, akamwekea sikioni.

"Kumi na saba."

Miwili mbele, nusu nyuma. Chuma kililia. Mikono ilichunika. Ishirini na sita, ishirini na saba. Chini maji yakazidi kunguruma. Kutoka kwenye njia ya ziada kukasikika kelele za vijana: ubao umetoka! Ziwa likaanza kumwagika upande huo nalo.

"Linashuka!" Mjomba alipiga kelele. "Chiriku, linashuka! Kiganja kizima!"

Simu ikalia.

"Kumi na nne," Mama alisema. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kishindo kisichokuwepo mwanzo.

"Mama, panda sasa. Imetosha."

"Bado si kumi. Umezungusha ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Baba yako alikuwa anamaliza arobaini. Umebakiza tisa. Zungusha."

Miwili mbele, nusu nyuma. Fundi mashua aliacha kopo, akashika gurudumu upande wa pili, akafuata mkono wa Chiriku bila kuulizwa. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Duara la gatini lilikuwa limefika upana wa kitanda, na mashua ya kwanza ilianza kukaza kamba yake kulielekea.

Simu ikalia tena. Fundi mashua aliiinua. Safari hii hapakuwa na hesabu. Palikuwa na kishindo cha maji tu, na pumzi za mtu.

"Mama? Ngapi? Mama! Hesabu ngapi?"

"Ndoo imekwenda," Mama alisema. "Maji yameichukua. Na kiti pia. Nimeshika ngazi, hatua ya tatu hapa, goti limekataa. Mwambie mjomba wako na vijana watoke juu ya tuta, sasa hivi. Wewe umebakiza ngapi?"

"Tano."

"Malizia hizo tano." Kisha sauti yake ikawa ndogo, ya mtu anayeona haya kuomba. "Halafu mwanangu, ukipata nafasi, upite tena kuniona."